Ndege, Mwambieni Huyo wa Ziwa

Niliolewa na mtu wa bonde la Ruzizi bila kujua kwamba nimeolewa na ndege pia. Kwetu ni Songo, Uvira, kando ya ziwa, na baba yangu alikuwa mvuvi. Nilijua kuanika ndagala, dagaa wa kwetu, kumtambua samaki mukeke wa jana kwa kumtazama jicho, na kuvutana bei pale sokoni Kimanga mpaka mteja ajute kwa nini aliamka. Mpunga nilikuwa naujua ukiwa sahanini, basi. Ndipo nikapelekwa Bwegera, kwa mama mkwe ambaye hakula wali wa mtu bila kuuliza kwanza ulivunwa shamba gani.

Alikuwa mjane, mfupi, mkavu, mwenye miguu iliyochongwa na matope ya miaka yote. Alisema Kirundi na watu wake, Kiswahili na mimi, na Kilatini kidogo na Mungu. Mimi hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita wa ziwa. Wa ziwa alete maji, wa ziwa apepete, wa ziwa asiguse mbegu maana mikono yake inanuka samaki.

Na desturi ilikuwa ngumu kwangu. Kule, mke wa mwana akiwa mgeni habishani na mama mkwe wake. Msimu wote wa kwanza unainamisha kichwa, unasema ndiyo mama, unakula wengine wakishakula, na mkeka mmoja hamkalii. Sasa mimi mtu wa Songo, niliyelelewa katika nyumba ambamo watu sita wanaongea kwa mara moja na wote wanasikilizana, jamani, nilikuwa navimba shavu kwa maneno niliyoyameza. Mume wangu alikuwa ananiambia nivumilie, mama yake moyo wake ni mzuri. Nilimwambia huo moyo autoe basi, auanike juani tuuone.

Halafu mpunga ukatoa masuke, na mambo yakageuka.

Kwa asiyelima, nieleze. Suke likishatoka, kuna majuma machache ambapo punje yake ndani bado ni maziwa. Ukiibonyeza kwa kucha inatoa uji mweupe, mtamu. Ndege wanaujua utamu huo kuliko sisi. Ni wadogo, wa rangi ya udongo, mdomo mwekundu, wanaamkia kwenye matete ya mtoni na kuja kundi zima, na wakiachiwa shamba asubuhi moja tu, unabaki na majani ya kulisha ng'ombe. Kwa hiyo unahamia shambani. Kila upande wa shamba kuna kitanda cha miti kilichoinuliwa juu, na kutoka kila kitanda zinakwenda kamba zilizofungwa mikebe mitupu ya maziwa na ya tomati. Unavuta kamba, mikebe inalia, unarusha bonge la matope, na unapiga kelele. Mtu mmoja haliwezi shamba. Ukiwafukuza huku wanatua kule. Lazima muwe wawili, na kwetu wawili tulikuwa mama mkwe kitanda cha juu, mimi kitanda cha chini, na shamba katikati.

Siku ya kwanza nilimsikia akiwafokea ndege kwa Kiswahili. Aliwauliza waliona wapi sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye mchanga. Akawauliza tena kama kwao wanawake wanalala mpaka jua linawagonga mgongoni. Nilimhurumia. Nilijisemea, maskini, jua limempanda kichwani. Jioni, kwa heshima yote, nikamwomba kesho apumzike kivulini, kwa sababu ndege hawali sombe. Aliendelea kupembua mchele wake.

Aliyenifungua macho ni jirani wa shamba la kushoto, mzee mmoja katekista. Huyo hakuweza kutukana, hata ndege, kwa sababu ya kazi yake ya kanisa. Kwa hiyo yeye aliwafukuza kwa katekisimu. Alisimama juu ya kitanda chake na kuwauliza kwa sauti kubwa ni nani aliyewaumba na aliwaumba kwa nini, na ndege, ambao hawakuwa wamejiandaa, waliruka. Asubuhi ya pili alikatiza maswali yake, akawatangazia ndege kwamba kuna mgeni hapa ambaye hajaelezwa desturi. Ya kwamba katika pembe hii ya bonde, neno unalomwambia ndege ni la ndege. Mtu mwingine akilisikia, shauri yake. Harudi nalo nyumbani, halijibu mezani, halipeleki kwa padri. Ila kama naye ana lake, ndege wapo, awaambie.

Loo! Nilikaa juu ya kile kitanda nikacheka peke yangu. Kumbe yule mwanamke wa shamba la nyuma aliyekuwa akiwaeleza ndege juu ya bwana anayekunywa kasiksi mpaka anasahau mlango wake, bwana mwenyewe alikuwa shamba la pili anasikia kila kitu. Na jioni walirudi pamoja wamebebeana jembe. Basi na mimi nikasimama, nikavuta kamba, nikawauliza ndege kama wanamjua mtu mmoja ambaye anahesabu punje za chumvi kabla ya kumpa mtu apike.

Kule juu mama mkwe akavuta kamba zake. Halafu sauti yake ikaja, kavu, ikiwaambia ndege kwamba chumvi inahesabiwa kwa sababu kuna watu walizoea kupika kwa maji ya ziwa. Nikawajibu ndege kwamba ziwa letu halina chumvi, ila labda mtu ambaye hajawahi kuoga ndani yake hawezi kujua. Nilisikia katekista anakohoa kama mtu aliyemeza vibaya.

Tangu siku ile maisha yangu yakawa mawili. Nyumbani, ndiyo mama. Shambani, soko la Kimanga. Nilichoma sufuria yake ndogo nikipika maharage, na nyumbani aliisugua kwa majivu, basi. Lakini kesho yake ndege waliisikia habari ya sufuria hiyo toka kunapambazuka mpaka saa ya kula, ilinunuliwa wapi, ilipika harusi ya nani, ilimzika nani. Nami niliwaambia ndege kwamba sufuria nyembamba kama ile ingechomwa hata na malaika. Usinidanganye, nilikuwa nafurahi. Na yeye pia, nilimwona. Alikuwa akianza kutembea haraka tukikaribia shamba.

Wakati huo ilikuwa vita. Usiniulize ilikuwa ya ngapi, maana mama mkwe alikuwa na hesabu yake, katekista na yake, na hawakupatana hata siku moja. Watu wenye bunduki walikuwa milimani, wengine barabarani, na kila walipobadilishana mahali sisi tulisikia. Mlio wa kwanza ulipopigwa msimu ule, ndege wote wa bonde waliruka kwa pamoja, na mama mkwe akasema angalau leo wametusaidia kazi. Lakini ndege walizoea. Baada ya muda risasi zililia mlimani na wao wakaendelea kula bila hata kuinua kichwa. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko vita yenyewe. Alisema hata risasi zao haziko na faida.

Siku moja militeri mmoja kutoka kwenye bariyeri ya barabarani alikuja kuuliza tunampigia nani kelele. Tukamwonyesha. Hakuamini. Akapanda kwenye kitanda changu na bunduki yake, akavuta kamba, akawaamuru ndege waondoke mara moja. Ndege walimtazama. Mama mkwe alishuka kule juu, akatembea mpaka kwetu, akamfundisha namna ya kuvuta, kwanza polepole, halafu kwa ghafla. Militeri alipofaulu alicheka kabisa, akaomba arudie. Militeri alipoondoka, mama mkwe aliwaambia ndege kwamba huyo, mama yake yuko mahali fulani anamngoja, na anafukuza ndege peke yake.

Mume wangu wakati huo hakuwepo. Alikuwa ameshuka Uvira kutafuta kazi kwenye kamyo za mizigo, na siku ya kuondoka aliniambia jambo moja tu, kwamba mama yake anamwacha mikononi mwangu. Nilimwambia mama yako ndiye anayeachwa kwangu? Si mimi ndiye ninayeachwa kwake? Alicheka, akaenda. Siku chache baadaye barabara ilifungwa, na habari zake zikakatika.

Kisha vita ikashuka bondeni. Tuliona kwanza watu wa juu wakipita na magodoro, halafu watu wa Luvungi, halafu wa kwetu wenyewe. Wote walielekea mtoni, wavuke Ruzizi waingie Burundi. Katekista alikuja mlangoni na baiskeli yake imefungwa mkeka na kuku mmoja, akamwambia mama mkwe waende pamoja, yeye na mimi. Mama mkwe alimshukuru, akampa muhogo wa njiani, akasema yeye anabaki.

Mpunga ulikuwa umebakiza kidogo tu kuiva. Pembeni ulishaanza kuwa wa njano. Na nilijua sababu yake ya kubaki, kila mtu aliijua. Katika vita iliyotangulia alikimbia mpunga ukiwa hivi hivi, aliporudi alikuta mabua matupu, na mwaka ule njaa ilimchukua mume wake, mtu aliyekuwa mzima. Alisema wenye bunduki atawaona wakifika, ila ndege anawaona kila siku. Akaniambia mimi nifuate wengine. Mimi ni kijana, na nina mume.

Nilisema ndiyo mama. Ndicho kinywa changu kilichokuwa kimeruhusiwa kusema. Niliingia ndani nikakaa juu ya gunia, maana nilikuwa naogopa, sitaki kujifanya. Kama ningeondoka, ningemwambia nini mume wangu? Na mbali na mume, mimi mwenyewe nilikuwa simtaki duniani mtu mwingine wa kugombana naye. Nilijua nimfanye nini mvuvi mkaidi, nilijua nimfanye nini mchuuzi mwongo. Mama mkwe mkaidi sikujua.

Asubuhi tulikwenda shambani kama kawaida. Bonde lilikuwa tupu. Hakuna katekisimu, hakuna habari za kasiksi, ni mikebe yetu tu. Upande wa kaskazini kulikuwa na moshi, na mlio sasa ulikuwa na uzito wake, unausikia kifuani. Ndege wakaja. Mama mkwe akavuta kamba zake, akafoka.

Mimi nikafungua kamba zangu. Nilizifungua moja moja kutoka kwenye mti, nikaziacha zianguke matopeni na mikebe yake. Halafu nikakaa.

Ndege waligeuka juu mara moja, hawakuamini macho yao, wakashuka upande wangu wote. Mabua yaliinama kwa uzito wao. Unasikia sauti yao ya kula, ni kama mvua ndogo juu ya majani. Mama mkwe alivuta, akapiga kelele, akarusha matope, lakini huku kwangu hayakufika. Akasimama wima.

"Ndege," akaita, "muulizeni huyo wa ziwa kama amepata wazimu."

"Ndege, mumwambie huyo mama leo ndio nimepona," nikasema. "Kuleni. Kuleni mumalize yote, musibakize hata punje moja. Huyu mama anabakia juu ya mupunga. Mukiimaliza, hataona tena kitu ya kubakia."

"Ndege, mupunga hii ilimaliza bwana yangu!"

"Ndege, minye najua. Lakini bwana yangu iko atarudi, na hataniuliza mupunga. Ataniuliza mama yake. Na minye siendi nikamwacha. Akikaa, nakaa. Kuleni, ndege, kuleni haraka, hatuna muda."

Nilikuwa nalia wakati huo, na nilikuwa nalia kwa sauti. Mpunga ule na mimi niliupanda, mgongo wangu ulikuwa ndani yake. Kuwaalika ndege kwenye shamba ambalo umewafukuza toka asubuhi mpaka jioni ni jambo la kuumiza.  Mama mkwe alikaa kwenye kitanda chake akiutazama mpunga wake ukiliwa, na mikono yake ilikuwa juu ya magoti, haikushika kamba.

Halafu akashuka. Alitoa kisu chake kiunoni, akaingia shambani upande ule wenye njano, akakata masuke yaliyokwisha kukomaa, akayaweka kwenye kitenge. Ndege walikuwa wanakula kulia kwake na kushoto kwake, na yeye anakata, hawakusumbuana. Alipojaza kitenge alikifunga, akaja mpaka chini ya kitanda changu, akapita bila kuinua macho.

"Ndege," akasema, si kwa kelele sasa, "muambieni huyo wa ziwa afunge sufuria. Ile kubwa. Ile aliyoichoma aiache."

Mtoni kulikuwa na watu wengi na mitumbwi michache. Na pale ndipo mambo yalipopinduka, maana mama mkwe, ambaye hakuogopa bunduki, aliogopa maji. Hakuwahi kukanyaga chombo chochote kinachoelea. Nilimpandisha, nikamwonyesha pa kukaa, nikamwambia asiegemee, asisimame, asiangalie chini. Yote hayo nilimwambia usoni, kwa amri, na hakuna aliyeona ajabu. Alinishika mkono hapa juu ya kiwiko na hakuuachia. Katikati ya mto kulikuwa na ndege mmoja mweupe, nyange, amesimama kwenye kisiwa cha matope. Mama mkwe alimwangalia.

Akamwomba nyange aniulize kama kitu hiki hakizami. Nikamwambia nyange amjibu kwamba mtoto wa mvuvi hazami na mama mkwe wake mkononi, itakuwa aibu Songo nzima. Mpiga kasia alitutazama mmoja mmoja, akapiga kasia haraka zaidi.

Ng'ambo tulikaa kwa ndugu zake wa mbali, kwenye nyumba iliyokuwa na watu mpaka dari. Tulipata vibarua, na ni kibarua gani? Kufukuza ndege, katika mpunga wa watu. Mama mkwe aliwachunguza ndege wa kule kwa makini. Kila aliyeonekana mnene alinionyesha kwa kidole, akasema huyu ni wetu, mtazame tumbo. Aliwatukana hao kuliko wengine. Katekista tulimkuta huko huko na kuku wake. Habari za mume wangu zilitufikia kupitia kwa dereva mmoja, kwamba mzima, yuko Uvira, anatutafuta. Siku hiyo mama mkwe alinipikia yeye mwenyewe, akatia chumvi bila kuihesabu, na chakula hakikulika. Tulikila chote.

Tulirudi mvua za kwanza zilipoanza. Bwegera ilikuwa imesimama nusu. Mlango wetu haukuwepo, mabati yalikuwa yamechukuliwa, na chumba cha nyuma, alikokuwa akilala yeye, kilikuwa kimeangukiwa na bomu. Ukuta wote ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda. Kutoka chini ya matofali ulionekana mguu mmoja wa kitanda na kipande cha kitambaa chake cha kanisani. Sufuria ndogo niliyoichoma ilikuwa nje, nzima, ina maji ya mvua.

Mama mkwe alisimama mbele ya chumba kile. Sikumkaribia. Alisimama mpaka nikaanza kuogopa, halafu akageuka, akaishika njia ya shamba, nami nikamfuata nyuma kama desturi inavyotaka.

Shamba lilikuwa majani. Kitanda changu kilikuwa kimeanguka upande mmoja, chake kilikuwa bado. Aliangalia juu, akaangalia kwenye matete, akaangalia mfereji wa maji. Hakukuwa na ndege. Hata mmoja. Wangekuja kufanya nini, na hakukuwa na cha kula? Nilimwona anawatafuta, mdomo umekwisha kufunguka, ana neno na hana wa kumpa.

Basi akanigeukia mimi. Aliniangalia usoni, na akaniita kwa jina langu, lile nililopewa na baba yangu, ambalo sikujua kama analijua.

"Shamba hii ni yako sasa," akasema. "Weye ndio uliwaita. Weye utawafukuza."

Nikasema ndiyo mama. Nilitaka kusema na mengine, lakini yeye alikwisha kuinama kuokota kamba zangu kwenye matope, anazivuta polepole, anaangalia mikebe gani imebaki.